Kivuli Kina Bei Cartagena

Katika pwani ya Kolombia watu wana namna ya kuagana ambayo mgeni huichukua kama mzaha hadi jua limfundishe. Anayeondoka huambiwa "se va por la sombrita", yaani apite kivulini. Niliisikia mara ya kwanza katika duka dogo la kona mtaani Manga, mjini Cartagena de Indias, yapata saa nane mchana, nikiwa nimesimama mlangoni na mkate mkononi. Mama mwenye duka, ambaye mtaa mzima humwita doña na ambaye tangu siku ya kwanza aliniita mijo, mwanangu, aliinua kidole akanionyesha ng'ambo ya barabara, ambako ukuta wa nyumba ya zamani ulikuwa umebakiza ufito wa kivuli usiozidi upana wa mabega ya mtu. Nilipita juani kwa sababu njia ya juani ilikuwa fupi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na nilidhani sina jipya la kuambiwa kuhusu joto. Nilipofika nyumbani shati lilikuwa limenigandama mgongoni, kichwa kinagonga, na mkate umelowa jasho la kwapa. Nikakaa chini ya feni nusu saa bila kusema neno.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiupima mji ule kwa kipimo cha yule mama. Rai yangu ni kwamba Cartagena haieleweki kwa ramani ya watalii wala kwa orodha ya mitaa salama na isiyo salama, ambayo ndiyo kwanza mgeni huitafuta. Inaeleweka mtu anapouliza nani yuko kivulini, nani yuko juani, na nani anamlipa nani ili wabadilishane nafasi. Mgeni mwenye kipato cha dola au yuro ndiye mnunuzi mkubwa wa kivuli katika mji huo, na manunuzi yake huubadilisha mji hata pale ambapo yeye mwenyewe ni mtu mwema, mpole na mwenye adabu zake.

Hali yenyewe ya hewa inastahili maelezo, kwa kuwa msomaji wa pwani yetu anaweza kudhani anaijua. Cartagena iko karibu nyuzi 10 kaskazini mwa ikweta, ukingoni mwa bahari ya Karibi, na wastani wa joto lake hukaa kati ya nyuzi 27 na 28 za Selsiasi mwaka mzima, mchana likipanda hadi 31 au 32. Tarakimu hizo hazimtishi mtu wa Mombasa wala wa Dar es Salaam. Tofauti ipo usiku, tena ipo katika kalenda. Sisi tuna kusi: kati ya Juni na Agosti mtu wa Tanga hujifunika shuka alfajiri, watoto huenda shule na sweta, na mwili hupata miezi kadhaa ya kupumua kabla joto halijarudi. Cartagena haina miezi hiyo. Usiku joto haliteremki sana chini ya nyuzi 24, unyevunyevu haupungui, na nguo iliyofuliwa jioni huamka ikiwa bado ina ubichi. Nafuu pekee ni brisa, upepo wa kaskazini-mashariki unaovuma kuanzia Desemba hadi Machi, miezi ile ile ya kaskazi yetu, ambao hupeperusha mapazia na kofia na kuwafanya wenyeji wawe wachangamfu kupita kawaida yao, ambayo tayari ni kubwa. Oktoba ni kinyume chake. Mvua ni nyingi kuliko mwezi mwingine wowote, upepo hulala, mitaa ya chini hujaa maji, na hewa husimama kama iliyo ndani ya sufuria iliyofunikwa. Wageni wengi huenda Januari, kisha wakarudi kwao wakisifia hali ya hewa.

Wajenzi wa kale walilijua tatizo hili na walilijibu vizuri. Mji ulianzishwa na Pedro de Heredia mwaka 1533, na ndani ya kuta zake nyumba zilijengwa kwa mtindo ambao mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe Unguja hahitaji kuelezwa: kuta nene, njia nyembamba ili nyumba moja iitilie nyingine kivuli, roshani za mbao zinazotokeza juu ya mpita njia, na ua katikati ya nyumba wenye miti na kisima, ambako hewa ya moto hupanda na kuvuta ya baridi kutoka vyumbani. Hata mawe ni ndugu, kwa kuwa kuta za Cartagena zina mawe ya matumbawe kama zile za Ngome ya Yesu kule Mombasa. Na undugu huo hauishii kwenye mawe. Mhandisi Mwitalia, Battista Antonelli, alifika Cartagena mwaka 1586, mwaka ule ule ambao haramia Mwingereza Francis Drake aliuteka mji na kuutoza fidia, akaanza kuupangia ngome; Mwitalia mwingine, Giovanni Battista Cairati, ndiye aliyeichora Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Wote wawili walikuwa wakimtumikia mfalme mmoja, Filipo wa Pili wa Uhispania, ambaye wakati huo alishika pia taji la Ureno. Nilipokuwa nikipitisha kiganja juu ya jiwe la ukuta ule jioni, likiwa bado na joto la mchana na limejaa vitundu vya matumbawe, nilijiona kama niko Mombasa, isipokuwa jua lilikuwa linazama upande wa bahari.

Swali ni nani anayekaa leo katika kivuli hicho kilichojengwa kwa akili nyingi namna hiyo, na kwa mikono ya watumwa. Shirika la UNESCO liliutia mji wa kale katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1984, na heshima hiyo, kama tulivyoona kwetu Unguja, huja na wanunuzi. Nyumba ya watawa ya Santa Clara, ya karne ya 17, leo ni hoteli ya kifahari, na ua wake wenye ubaridi ni wa mwenye chumba au mwenye kuagiza kinywaji. Ua wa nyumba alimoishi Mtakatifu Petro Klaveri, padri Mjesuiti aliyeshuka ndani ya matumbo ya meli za watumwa akiwa na matunda, dawa na wakalimani Waafrika, huingiwa kwa kiingilio. Silaumu kiingilio, majengo ya kale hayajitunzi yenyewe. Ninachosema ni kwamba ukihesabu pembe za mji huo ambamo mtu anaweza kukaa saa nane mchana bila jasho na bila kulipa, vidole vya mkono mmoja vitakutosha.

Historia ya karibuni imekwenda upande huo huo. Chambacú, mtaa wa maskini uliokuwa umebanana nje tu ya kuta, karibu na ngome ya San Felipe, uliondolewa mwaka 1971 na watu wake kutawanywa pembezoni. Soko kuu lililokuwa mtaa wa Getsemaní lilihamishiwa Bazurto mwaka 1978, na mahali pake pakajengwa ukumbi wa mikutano. Pembezoni huko ndiko mji mkubwa ulipo, wenye watu wapatao milioni moja kwa jumla, kwenye mitaa kama Olaya Herrera na El Pozón kando ya ziwa la chumvi la Ciénaga de la Virgen, au mtaa wa Nelson Mandela, ulioanzishwa mwaka 1994 na familia zilizokimbia vita mashambani. Huko nyumba ni za matofali na mabati, miti ni michache, na bati la saa saba mchana msomaji wangu analijua bila mimi kulieleza.

Getsemaní yenyewe ndiyo inayofundisha zaidi. Ulikuwa mtaa wa mafundi na watu weusi huru. Ndipo alipotoka fundi chuma Pedro Romero na wenzake waliolazimisha tangazo la uhuru wa Cartagena tarehe 11 Novemba 1811. Hadi miaka ya karibuni wageni waliambiwa wasiukaribie usiku. Sasa ni mtaa wa hosteli, mikahawa na michoro ya ukutani, na uwanja wake mdogo wa Trinidad hujaa kila jioni. Nilikaa humo wiki mbili kabla ya kuhamia Manga, na jambo moja halikuniacha. Wakati wa jioni wazee wa mtaa bado hutoa viti vyao vya kubembea mlangoni, mecedoras, kama sisi tunavyokaa barazani, ili wapunge upepo na kuwasalimu wapitao. Lakini milango yenye viti ilikuwa michache, kila mmoja ukiwa katikati ya milango ya vioo, na kila mlango wa kioo ulipofunguliwa ulitema hewa baridi barabarani, kisha ukafungwa. Juu yake mashine ya kiyoyozi ilikuwa ikitoa upande wa nje joto lote lililoondolewa ndani, na kumdondoshea maji mzee aliyekaa chini. Alikuwa amesogeza kiti chake mara mbili. Pale ndipo nilipoielewa biashara yenyewe: joto haliishi, huhamishiwa kwa jirani.

Umeme ndio unaoliweka jambo hili kwenye karatasi. Kolombia ina utaratibu ambao sijauona kwetu: kila nyumba hupewa daraja, estrato, kuanzia 1 hadi 6, kwa kutazama hali ya jengo na mtaa, na bili za umeme, maji na gesi hufuata daraja hilo. Kwenye umeme, wa daraja la 1, la 2 na la 3 hupata ruzuku, wa la 4 hulipa gharama kamili, na wa la 5 na la 6 huongezewa asilimia 20 ili kusaidia walio chini. Ruzuku ya umeme ina mpaka, na mpaka huo hupangwa kwa mwinuko kutoka usawa wa bahari: miji iliyo juu ya mita 1,000, kama Bogotá iliyoko mita 2,600 na zaidi, huhesabiwa uniti 130 kwa mwezi kuwa ndiyo mahitaji ya msingi, na miji iliyo chini ya hapo huhesabiwa uniti 173. Kwa hiyo serikali imekiri kwa maandishi kwamba joto ni gharama, na imelithamini kwa uniti 43.

Tufanye hesabu, kwa kuwa hesabu hii ndiyo maisha ya watu wa huko. Feni, ambayo wao huiita abanico, hula kama wati 60. Ikizunguka saa 12 kila usiku, kwa mwezi ni uniti zisizofika 22. Kiyoyozi cha chumba kimoja cha BTU 12,000, kipimo cha nguvu ya kupoza, hula karibu kilowati moja kinapofanya kazi. Hata tukikadiria kwamba kwa usiku wa saa nane kitatumia uniti sita tu, mwezi utakwisha na uniti 180. Chumba kimoja cha baridi, kabla ya friji, taa na pasi, kimekwisha kuvuka mpaka wote wa ruzuku. Ndiyo maana familia yenye kiyoyozi katika daraja la 2 hukiwasha saa mbili za kulaza watoto, kisha hukizima, na watu hulala juu ya ubaridi uliobaki mpaka uishe. Kampuni iliyokuwa ikisambaza umeme katika pwani yote, Electricaribe, ilichukuliwa na serikali mwaka 2016 baada ya miaka ya malalamiko na madeni, na mwaka 2020 eneo lake likagawiwa wasambazaji wapya wawili. Bei ya umeme imebaki kuwa mada ya maandamano na ya kampeni za uchaguzi.

Hapa ni haki nimtetee mgeni kidogo. Anayepanga ghorofa la daraja la 6 Bocagrande, mtaa wa maghorofa marefu ufukweni, na kulala na kiyoyozi usiku kucha analipa ile asilimia 20, na kwa njia hiyo anachangia feni ya mtu wa El Pozón ambaye hatamwona maishani. Kwa bili ya umeme hana deni. Deni lake liko kwenye kodi ya nyumba. Tangu mwaka 2022 Kolombia hutoa viza kwa wafanyao kazi za mbali kwa kompyuta, na sharti kubwa ni kipato kisichopungua mara tatu ya kima cha chini cha mshahara wa nchi hiyo. Kima hicho kilikuwa peso 1,300,000 kwa mwezi mwaka 2024. Mara tatu yake ilikuwa karibu dola 1,000 za Marekani. Kwa kijana wa Toronto au Berlin hicho ni kipato cha kuhurumiwa, lakini Getsemaní kinamwezesha kumshinda mwalimu wa shule katika kugombea chumba kimoja chenye ua na upepo. Mwalimu huhamia kwenye mabati. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemkosea adabu; amepandishiwa tu bei ya kivuli.

Ubaridi pia una majivuno yake, jambo ambalo si la Cartagena peke yake. Katika benki moja nilikopanga foleni, makarani walikuwa wamevaa masweta, na mama aliyekuwa mbele yangu alitoa mtandio mkobani mwake kama mtu aliyekwisha kujua safari anayokwenda. Kutetemeka katika mji wa nyuzi 32 ni dalili kwamba umefika mahali pa heshima.

Jambo jingine ambalo mgeni huliona vibaya ni saa. Mchana maduka mengi hufunga, barabara hulegea, na mtu aliyetoka nchi ya baridi, au hata aliyetoka Bogotá, huhitimisha kwamba watu wa pwani, costeños, ni wavivu. Watu wa bara ya Kolombia, ambao pwani huwaita cachacos, wameurudia msemo huo kizazi baada ya kizazi, na sisi tunaotoka pwani ya Afrika Mashariki tumeusikia kwa masikio yetu kutoka kwa watu wetu wa bara. Waletao hoja hiyo hawaamki mapema. Ukienda Bazurto saa kumi na moja alfajiri utakuta samaki wamekwisha kupangwa, mihogo imekwisha kushushwa, na wauza kahawa wanapita na chupa zao za chai wakiuza tinto, kahawa nyeusi ya kikombe kidogo. Waendesha pikipiki za abiria, bodaboda wao, huvaa mikono mirefu na kufunika nyuso mpaka machoni kwa ajili ya jua, na hawana saa ya mapumziko. Anayelala mchana ameanza kazi kabla yako, na atarudi tena jua likipoa. Wewe uliyetembea saa saba kwenda kupiga picha ngome ndiye uliyekosea ratiba.

Nije kwa wanawake ambao kila mgeni amewaona hata kabla hajafika, kwa kuwa wako kwenye kila tangazo la utalii: palenqueras, wenye magauni ya rangi za bendera na beseni la matunda kichwani. Asili yao ni San Basilio de Palenque, kijiji kilichoko yapata kilomita 50 kutoka mjini, ambacho wazee wake walikuwa watumwa waliotoroka na kujijengea maboma msituni. Kiongozi wao wa kwanza anayekumbukwa, Benkos Biohó, alinyongwa Cartagena mwaka 1621, na sanamu yake leo imesimama katikati ya kijiji ikiwa na mnyororo uliokatika. Mwaka 2005 UNESCO iliutambua utamaduni wa Palenque, na sehemu kubwa ya sababu ni lugha yao, iliyochanganya Kihispania na lugha za Kibantu, hasa Kikongo.

Nilikwenda huko Jumapili moja, na mzee mmoja alipoonyesha fahali waliokuwa wakivuka njia akasema "ngombe", nilisimama. Nilimwambia kwetu pia ni ng'ombe. Alicheka, akadhani namdhihaki, akamwita mjukuu wake kama shahidi na kunitaka nirudie. Mtoto, kwao, ni moná. Sisi tuna mwana. Wakitaka kuonyesha wingi hutanguliza ma, kwa hiyo watoto ni ma moná, na mtu aliyesoma sarufi ya Kiswahili darasa la tano hahitaji mwalimu wa kumwambia ma hiyo imetoka upande gani wa bahari. Nataka niwe mwangalifu hapa: Kikongo si Kiswahili, na mababu wa Palenque walipakiwa pwani ya Atlantiki, wala si yetu. Ni ukoo wa mbali. Lakini ukoo wa mbali uliokaa miaka 400 katikati ya Kihispania bila kuachia neno la ng'ombe ni jambo ambalo sikuwa nimejiandaa nalo, na nakiri kwamba mchana huo niliusahau utafiti wote niliokwenda nao.

Hao ndio wanawake wanaosimama Plaza de San Pedro mchana kweupe. Beseni ni zito, gauni ni zito, uwanja ni wa mawe. Mtalii hupiga picha, kisha huombwa pesa, kisha hukasirika na kwenda kulalamika kwamba mji umejaa watu wa kuomba. Nimeisikia lawama hiyo kwa lugha nne. Anayelalamika anasahau kwamba picha yake ni nzuri kwa sababu mama yule amekaa juani na yeye ataitazama akiwa kivulini. Wenzao wanaouza vitu hasa, chini ya matao ya Portal de los Dulces, huuza cocadas, ambazo kwa ulimi wangu ni kashata za nazi, na hapo hakuna anayeona ajabu kulipa. Jua nalo ni bidhaa, tena ndilo wanalolitoa kwa gharama kubwa zaidi.

Kuhusu chakula sitasema mengi, maana mtu wa pwani yetu hatapata shida. Wali ni wa nazi. Tofauti yake ni kwamba tui huchemshwa hadi mafuta yajitenge na machicha madogo yawe ya kahawia, titoté, ndipo maji, sukari guru na mchele viingie, na wali hutoka na rangi ya kahawia na utamu ambao mamangu angeuita makosa. Huliwa na samaki wa kukaanga mzima na ndizi mbichi zilizopondwa na kukaangwa mara mbili.

Lipo jambo ambalo miongozo ya wageni hailisemi kwa sababu waandishi wake wengi ni weupe. Mwafrika akifika Cartagena haonekani mgeni. Ukiwa mweusi na ukajua kusema "ajá" kwa lafudhi yao, neno ambalo ni salamu, ni jibu, ni swali na ni ukimya, teksi itakutoza bei ya mwenyeji. Teksi za huko hazina mita, kwa hiyo lafudhi ndiyo mita. Faida hiyo ina upande wake wa pili. Katika jengo moja la ghorofa nilikoalikwa chakula cha jioni, mlinzi alinielekeza kwa heshima zote kwenye lifti ya watumishi, na nilipotoa pasipoti, lifti ya wageni ikafunguka. Kitabu kile kidogo kilikuwa kimenitoa juani. Wenyeji wasio na kitabu hicho wamelazimika kwenda mahakamani: mwaka 2005 Mahakama ya Katiba ya Kolombia, katika hukumu namba T-1090, ilimpa haki mwanamke mweusi aliyezuiwa kuingia kumbi za starehe za Cartagena kwa sababu ya rangi yake. Nchi hiyo ilipata makamu wa rais mweusi, Francia Márquez, aliyeingia madarakani mwaka 2022 na kuzuru Kenya mwaka uliofuata, lakini lifti ya watumishi bado inafanya kazi.

Usiku ndio wakati ambao mji hurudi kwa wenyewe, na muziki ndio ushahidi. Champeta, dansi ya mitaa ya maskini, ilizaliwa kutokana na sahani za santuri za Kiafrika, nyingi kutoka Kongo, zilizofika bandarini kuanzia miaka ya 1960 na 1970 na kupigwa kwenye picós, maspika makubwa kama kabati yaliyopakwa rangi za moto. Neno lenyewe lilikuwa tusi. Champeta ni kisu kifupi cha wauza samaki na wafanyakazi wa sokoni. Mtu aliyekulia Tanga akisikiliza magita ya Kinshasa redioni atalitambua solo kabla ya kuutambua wimbo. Leo hoteli zina usiku wa champeta, ndani, penye kiyoyozi.

Sidai kwamba mgeni asiende, wala kwamba alale bila feni ili athibitishe utu. Naona tu kwamba anayekaa miezi minne bila kujua bili ya jirani yake, na bila kupita Oktoba, amekaa ndani ya kiyoyozi ambacho dirisha lake lilikuwa linatazama Kolombia.

Wiki yangu ya mwisho Manga umeme ulikatika saa mbili usiku, mtaa mzima. Kwa dakika kumi hivi ghorofa zilibaki kimya, kisha mlango wa jengo letu ukafunguliwa kwa mkono na watu wakaanza kushuka ngazi na tochi za simu: wanandoa Wafaransa wa ghorofa ya saba, kijana wa Marekani aliyekuwa hajawahi kunisalimu, mama mmoja na mtoto aliyelala begani. Doña alikuwa amekwisha kutoa kiti chake cha kubembea, na viti vya plastiki viwili, na kreti za bia zilizopinduliwa. Alituuzia boli, barafu za mfuko za tamarindi, kwa bei ile ile ya mchana, akieleza kwamba zitayeyuka hata hivyo. Upepo ulikuwa mdogo, lakini ulikuwepo, na ulikuwa ukipita upande wake wa barabara. Alijua, ndiyo maana viti viliwekwa pale. Saa nne na robo taa zikarudi, na juu yetu mashine za viyoyozi zikaanza kuunguruma moja baada ya nyingine. Wafaransa walimshukuru wakapanda. Kijana wa Marekani naye akapanda, akaacha mfuko wake nusu juu ya kreti. Mimi nilibaki, kwa kuwa boli yangu ilikuwa haijaisha, na doña akanisogezea kile kiti cha plastiki kilichokuwa kwenye njia ya upepo.